Arubaini Katika Mji wa Torino



Sisi wakazi wa Malindi hatuhitaji kuhadithiwa habari za Waitaliano. Mwaka 1967 walirusha setilaiti yao, San Marco 2, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini pale Ngomeni, na tangu tupate akili tumewaona na hoteli zao, mikahawa yao na majumba yao ya ufukweni. Mtoto wa Malindi asiyejua bado kuandika jina lake hujua kusema "ciao". Basi binti yetu alipoolewa akamfuata mumewe katika mji wa Torino, kaskazini mwa Italia, tulijiambia kwamba anakwenda kwa watu tunaojuana nao. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

La pili lilikuja baada ya miaka miwili, alipojifungua mtoto wa kike. Siku ya saba tulichinja akika hapa nyumbani. Watu walijaa uani hadi barazani, wali ukapakuliwa kwa masinia, na kijana mmoja akapiga video tukampelekea kwa simu. Tulidhani tumemfurahisha. Aliitazama mpaka mwisho, akasema, "Mashaallah Baba, watu ni wengi," kisha akanyamaza. Nyuma yake tulisikia mtoto akilia, na hapakuwa na sauti nyingine mle nyumbani. Tulimuusia subira, kama tunavyomuusia kila mtu, tukaagana naye.

Mama watoto hakulala usiku ule. Alfajiri alituambia, "Bwana, umelisha mtaa mzima kwa ajili ya mwanao, na yeye mwenyewe sijui kala nini."

Tulipopata viza ya siku 90, arubaini ya mzazi ilikuwa imebakisha siku sita. Ilikuwa mwezi wa Novemba, na ukungu umeufunika mji hata milima ya Alpi haionekani. Torino ni mji mzuri, hatuukashifu; una takriban kilomita 18 za njia zilizoezekwa kando ya majumba yake, mtu hutembea mvua ikinyesha asilowe. Lakini binti yetu hakutuonyesha lolote katika hayo. Tulimkuta ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti, mapazia yamefungwa saa tano asubuhi. Mumewe, kijana mwema, alifanya kazi ghalani usiku na kulala mchana. Kwa miaka miwili, mtu pekee aliyemjua kwa jina nje ya nyumba ile ni muuza dawa. Majirani walimsalimu ngazini, "buongiorno," na mlango ukafungwa.

Mama watoto alikuwa amebeba pilipili manga na kinu chake kidogo. Siku ya pili, saa nane mchana, aliketi chini kutwanga kwa ajili ya uji wa mzazi. Haukupita muda mlango ukagongwa. Alikuwa bibi mzee wa ghorofa ya chini yetu, amekasirika, akituonyesha saa yake ya mkononi. Tulikuja kuelezwa baadaye kwamba katika majengo mengi ya Italia saa za baada ya chakula cha mchana ni za kimya, na zimeandikwa katika kanuni za jengo. Sisi tulisimama mlangoni na "ciao" yetu ya Malindi, haina pa kwenda. Mtoto akalia, yule bibi akachungulia, uso ukalegea kidogo. Hatutasema kwamba akawa rafiki yetu. Ila tangu siku ile, kila akikutana na binti yetu ngazini, aliuliza habari za mtoto.

Sisi wenyewe, kwa upande wetu, hatukukaa wageni muda mrefu. Nyuma ya stesheni kubwa ya gari la moshi kuna mtaa wa San Salvario, ambamo sinagogi, kanisa la Wawaldensi na mahali pa kuswalia Waislamu havikuachana sana. Ukisikia msikiti usidhani utaona mnara. Roma upo msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1995, lakini kwingi Waislamu huswali katika lililokuwa duka au gereji. Katiba ya Italia, kifungu cha 8, huruhusu dini kufanya mapatano na serikali, na Uislamu bado haujayapata. Kwa hivyo sehemu nyingi za swala husajiliwa kama jumuiya za utamaduni. Tulishuka ngazi, tukavua viatu, na kufikia Ijumaa tulikuwa na ndugu Mmisri, Wamoroko, na Msenegali aliyetushika mkono akatupeleka kunywa chai. Tulirudi nyumbani tumechangamka, tukasimulia yote.

Mama watoto alisikiliza, kisha akasema, "Wewe una siku tano hapa na una ndugu. Huyu ana miaka miwili."

Tuliporudi pale tuliuliza kuhusu wanawake. Tukaambiwa kwamba wana sehemu yao, ila Ijumaa hupewa wanaume kwa wingi wao, na kwamba wanawake hawajalalamika. Tulishindwa kukasirika, kwa kuwa jawabu hilo tumelitoa sisi wenyewe, hapa kwetu, zaidi ya mara moja.

Kwa zaidi ya miaka 20 tumewasomesha wanafunzi habari ya Abdurrahman bin Auf, aliyehamia Madina akaunganishwa udugu na Saad bin Rabii. Saad alimtolea nusu ya mali yake. Yeye akamuombea baraka, akataka aonyeshwe soko liko wapi. Siku zote tumeisomesha kama habari ya mtu asiyependa kutegemea mkono wa mwenzake. Upande wake wa pili tuliuona tulipomsindikiza mama watoto katika soko la Porta Palazzo.

Ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi barani Ulaya, limejaa uwanja mzima. Kando yake husimama wanawake wa Kimoroko, mikate yao ya nyumbani imefunikwa vitambaa katika vigari vya kukokota. Mama watoto alikuwa akitafuta habasoda. Tulijitanguliza na Kiarabu chetu cha vitabuni, irabu zote mahali pake, na muuza mkate mmoja akacheka mpaka akashika ubavu. Mama watoto, asiyejua Kiarabu, alitusogeza kando. "Habasoda," alisema. Yule mama akaelewa. "Binti," akaelewa. Kisha mama watoto akatafuta neno, akasema lile la mlango wa tohara: "nifasi". Uso wa yule mama ulibadilika. Aliacha mkate wake, akauliza kwa vidole: siku ngapi? Nani yuko naye? Unaishi wapi?

Jumapili walipanda ngazi zile wanawake watatu, na sufuria imefungwa kwa taulo. Ndani mlikuwa na rfissa, kuku na dengu juu ya chapati iliyochanwachanwa, imekolezwa uwatu, chakula ambacho Wamoroko humpikia mzazi. Sisi na mkwe wetu tulitolewa nje, tukazunguka mtaani kwa muda wa saa tatu katika baridi. Tuliporudi, mapazia yalikuwa wazi. Binti yetu alikuwa amekandwa, ameoga, na analia kilio ambacho mama yake alituashiria tusikiulizie.

Mengine yalifuata upesi. Wanawake wale ndio waliompeleka kwenye consultorio, zahanati za serikali za wanawake na familia zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, ambako hupimwa na kusikilizwa bila malipo. Wakamfahamisha kwamba mtoto ana haki ya daktari wake. Wakamwandikisha darasa la Kiitaliano la asubuhi, ambako mtu huenda na mwanawe mgongoni. Mambo haya yote yalikuwepo tangu siku aliyofika. Hapakuwa na wa kumwambia.

Siku ya kuondoka kwetu hakuweza kutusindikiza hadi uwanja wa ndege. Mwanamke wa Kisomali aliyehamia jengo la pili alikuwa amejifungua juzi yake, na zamu ya kupika ilikuwa yake. Alituaga jikoni, mikono ina unga, kinu cha mama yake kiko mezani. Saa nane ilikuwa bado.

Sasa simu zake zimepungua. Jumamosi iliyopita tulimpigia mara mbili, hakupokea. Alipiga yeye usiku, akaomba radhi: alikuwa sokoni, kuna kelele, hakusikia.