Chupa ya Tatu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yamkini huwafaa wachuuzi wa vitambaa na vyungu, lakini je, yaweza kumfaa anayepima kileo? Kwenye rafu ya baa, chupa njema na chupa mbovu husimama bega kwa bega, zote zimejaa kimiminika kiangavu kama maji ya kisimani. Hakuna inayojiuza, wala hakuna inayojitembeza. Sharti atokee mwenye pua na ulimi aamue baina yao.

Alasiri moja, katika mkahawa wa ghorofani katikati ya jiji la Nairobi, kazi hiyo ilimwangukia mwanamke mmoja aliyekuwa amehudumu nyuma ya kaunta kwa miaka mingi. Mwajiri wake alimwekea chupa tatu za spiriti ya miwa, kisha akamwachia swali. Ni ipi itakayofaa kuwa chupa ya nyumba, yaani ile ya bei nafuu anayomiminiwa mteja asiyetaja jina la kinywaji? Itiwe katika dawa na michanganyiko mingine, na papo hapo iuzwe kwa toti kwa wapendao kunywa kavu. Tajiri huyo alitaka chupa moja ifanye kazi zote mbili.

Swali hilo si jepesi kama linavyosikika. Ramu huzaliwa na miwa. Maji ya miwa, au molasi inayosalia baada ya sukari kutolewa, huchachushwa kwa hamira, kisha hukenekwa. Ramu nyeupe aghalabu hupitia mitambo ya minara mirefu inayoondoa harufu nyingi nzito. Baadhi yake hulazwa katika mapipa ya mwaloni, kisha huchujwa kwa makaa hadi rangi ya mti itoweke. Spiriti za miwa za Afrika Mashariki ni ndugu zake wa karibu. Kenya Cane, itengenezwayo na kampuni tanzu ya East African Breweries, na Konyagi ya Tanzania, yenye kileo cha asilimia 35, hazijulikani sana kwa jina la ramu, lakini ukoo wao ni huo huo wa miwa. Tofauti kubwa ni muda. Pipa hudai miaka, na miaka hudai fedha. Anayeuza kwa bei nafuu hawezi kuusubiri mti ulainishe kileo chake. Kwa hiyo spiriti ya bei nafuu humfikia mnywaji na tabia yake ya utotoni, na mpimaji hana budi kuihukumu kwa tabia hiyo.

Mwanamke yule alimimina kidogo kutoka kila chupa, katika glasi tatu za umbo moja. Hakuanza kwa ulimi. Alianza kwa pua, mdomo wake ukiwa wazi kidogo ili mvuke usimchome. Baadaye aliongeza maji, kipimo kwa kipimo, kwa kuwa kileo cha asilimia 40 kikishushwa hadi 20 hupunguza ukali wake na kuyafichua yaliyokuwa yamejificha. Hakutia barafu hata chembe. Baridi huzima harufu, na kinywaji kinachohitaji baridi ndipo kivumilike kimeshatoa ushahidi dhidi ya nafsi yake.

Chupa ya kwanza ilikuwa pole. Ilikuwa na utamu wa mbali, kama wa muwa uliomenywa asubuhi, na iliteremka kooni bila ugomvi. Ya pili ilikuwa na makeke. Ilinuka molasi iliyokaribia kuungua, ikauma ulimi na kuacha moto kifuani. Laiti hukumu ingetolewa hapo, ya pili ingetupwa nje. Lakini alizitia zote mbili katika dawa, yaani ndimu iliyokatwa, sukari, barafu na kijiti kilichoviringishiwa asali. Mambo yakageuka. Ile ya kwanza ilipotea kabisa, na glasi ikabaki kuwa maji ya ndimu yenye joto fulani lisilojulikana limetoka wapi. Ya pili ilisimama imara. Ukali wake ulishikana na uchachu wa ndimu, na ule moshi wa molasi ukaifanya asali ionje kama asali ya msituni.

Hapo pana jambo la kutafakari. Dawa ilipata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980 kando ya barabara ya Lang'ata, na inasemekana asili yake ni caipirinha ya Brazil. Caipirinha hutengenezwa kwa cachaça, spiriti ya maji ya miwa. Huku Nairobi watu walizoea kutumia vodka. Kwa hiyo anayetia spiriti ya miwa katika dawa hajaivunja desturi. Amekirudisha kinywaji kwa mama yake. Na spiriti inayofaa kurudi huko ni ile yenye sauti. Sifa inayotakiwa kwa kinywaji kavu ni upole, na sifa inayotakiwa katika mchanganyiko ni kutosahaulika. Ni nadra chupa moja ya bei nafuu kuwa na zote mbili.

Ilisalia chupa ya tatu, iliyokuwa rahisi kuliko zote. Stempu yake ya ushuru ilikuwa imebandikwa upande, pembe moja imeinuka na wino umefifia. Aliinusa. Haikuwa na kasoro. Ilinukia usafi. Hata hivyo hakuitia ulimini. Alimimina kidogo kutoka kila chupa katika vichupa vitatu, akavifunga na kuvitia mkobani.

Jioni matatu ilipita Museum Hill, ikapita Westlands, ikaingia Waiyaki Way na foleni yake, hadi Kangemi. Babake alikuwa ameketi mlangoni, uso ukielekea sauti za barabarani. Mzee huyo alikulia karibu na mashamba ya miwa ya Mumias, na alikuwa kijana kiwanda cha sukari kilipoanza kazi mwaka 1973. Baadaye alikuja Nairobi kufanya vibarua katika Eneo la Viwanda. Mnamo Novemba 2000, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliwaua zaidi ya watu 100 katika vitongoji vya Mukuru na kandokando yake. Pombe za namna hiyo ziliitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi iliuzwa shilingi 10. Mzee alikunywa glasi mbili. Aliamka siku ya pili akauliza kwa nini hakujakucha. Tangu hapo hakujakucha tena, na tangu hapo hajaonja kileo.

"Shikamoo, Baba. Nimekuletea kazi ya pua," alisema.

"Marahaba, mama. Lete," alijibu mzee, kwani binti huyo alipewa jina la nyanya yake mzaa baba.

Alimdondoshea matone viganjani. Mzee alisugua mikono hadi kileo kikaruka, kisha akaifunika pua kwa viganja. Kwa kichupa cha kwanza alitikisa kichwa taratibu. "Huyu anajitosheleza. Mwache peke yake." Kwa cha pili alicheka. "Huyu ni Mumias mtupu, siku upepo unapotoka kiwandani. Mtafutie wenzake wa kumtuliza." Kwa cha tatu alinyamaza kwa muda mrefu.

"Na huyu, Baba?"

"Huyu ni mzuri pia," alisema. "Hata ile ya Mukuru ilikuwa nzuri, mama. Pua yangu haikuniambia neno."

Kwa hakika mzee alisema kweli ambayo kemia huikubali. Methanoli na kileo cha kawaida ni pacha wanaofanana mno. Zote ni angavu, harufu zao hukaribiana, na ulimi hauna njia ya kuaminika ya kuzitenganisha zikichanganywa. Uhodari wote wa kuonja, pamoja na maji yake na glasi zake, hujengwa juu ya msingi ambao ulimi haukuuweka. Msingi huo ni uaminifu wa aliyekeneka, wa aliyefunga chupa na wa anayemimina.

Kesho yake mwajiri aliposikia hukumu alikunja uso. Chupa mbili? Gharama hiyo itoke wapi? Akaigonga ile ya tatu kwa ukucha. "Hii ni nusu ya bei. Tuiache hiyo kavu. Tutie katika dawa tu. Ndimu na asali zitafunika. Nani atajua?"

Kwa mpigo mmoja moyo wa mwanamke ulihesabu kodi ya nyumba, karo ya shule na dawa za macho ya mzee ambazo hazikuwa zimesaidia kitu. Kisha akasema kwa adabu, "Asali hufunika ukali, bosi. Sumu haiifuniki. Ukiitaka hiyo kaunta hii, itabidi mkono wa kuimimina uwe mwingine."

Tajiri alimtazama, akaitazama chupa, kisha akaingia ofisini bila kujibu. Mwanamke aliipanga ile pole kwenye rafu ya vinywaji vya kunywa kavu, na ile yenye makeke akaiweka karibu na kikapu cha ndimu. Ya tatu aliisogeza mwisho wa kaunta, mbali na glasi.

Asubuhi iliyofuata haikuwapo. Kazi yake ilikuwapo bado, na hakuna aliyeitaja tena chupa ile. Alipokuwa akikata ndimu za jioni, kisu kilisita mara kwa mara juu ya ubao. Jiji lina kaunta nyingi, na hakujua ni ipi iliyoipokea.