Siku ya Kuzaliwa ni Haki ya Mama

Kila mwaka swali la siku ya kuzaliwa hurejea katika familia zetu: yafaa kuiadhimisha au haifai? Masheikh wamelijadili kwa kirefu, nasi hatukusudii kulirudia hapa. Tunapenda kuzungumzia jambo ambalo hata wanaotofautiana kuhusu keki na mishumaa hawatofautiani ndani yake, nalo ni haki ya mama katika siku hiyo.

Kwetu Tanga siku hiyo haikuwa na keki. Mama yetu, Allah amrehemu, alikuwa na ada yake. Baada ya Sala ya Alfajiri alituita, na tulipokuwa watu wazima alitupigia simu, akatusimulia upya usiku aliotuzaa: mvua ya masika, taa ya chemli iliyoishiwa mafuta, mkunga aliyecheleweshwa na maji njiani, na adhana aliyoisoma marehemu baba sikioni mwetu. Kisa hakikubadilika hata neno. Mwishoni aliuliza, "Umeshaswali, mwanangu?" Kisha akatuombea dua.

Mwaka tuliohamia Cairo kwa masomo, mama alikuwa ametangulia mbele ya haki miezi minne kabla. Tukatimiza miaka 32 tukiwa peke yetu katika chumba cha kupanga, hatujapata jamaa wala rafiki. Alfajiri ilipita na simu haikulia. Tuliona kuwa kukaa ndani kutatuzidishia huzuni, tukatoka kuutembea mji.

Tulianzia Msikiti wa Al-Azhar, ulioanza kujengwa mwaka 970. Tukaelekea kusini, tukapita chini ya lango la Bab Zuwayla lenye minara miwili, kisha tukafuata mtaa wa mafundi wa mahema. Adhuhuri ilitukuta katika Msikiti wa Ibn Tulun, uliokamilika mwaka 879. Ua wake ni mpana, na kuta zake zinauzuia mji na kelele zake. Tuliswali, tukaketi kivulini.

Hapo tukazingatia jambo ambalo halijapata kutupitia akilini. Siku ile twaiita yetu, lakini sisi hatuikumbuki hata kidogo. Aliyeikumbuka ni mama. Baba alikwishafariki, na mkunga pia. Shahidi wa mwisho wa kuja kwetu duniani ameondoka, na kilichobaki ni tarehe katika cheti.

Alasiri tulipanda basi dogo hadi makaburi ya kale ya kusini, kwenye kaburi la Imam Shafii. Sisi watu wa mwambao tumelelewa katika madhehebu yake, na wengi wetu tulianza fiqhi kwa kitabu cha Safina. Chetu alikinunua mama kwa fedha za maandazi. Juu ya kuba la kaburi lile pana umbo la mashua, nasi tulipoliona tulitabasamu, kwa kuwa safina maana yake ni jahazi.

Imam alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na mama yake akamchukua hadi Makka ili akue kwa jamaa zake. Imepokewa kuwa mama huyo hakuwa na ujira wa kumlipa mwalimu. Mtoto yule alifariki Misri mwaka 204 Hijria, akiwa imamu wa umma. Kuba lilijengwa mwaka 1211 na Sultani al-Kamil, ambaye mama yake mzazi naye amezikwa humo.

Tuliwatolea salamu waliolala pale, kisha tukaelekea kibla tukamwomba Allah, Naye pekee ndiye aombwaye, amsamehe mama yetu. Baada ya dua tuliketi pembeni tukajisimulia kile kisa kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, tangu mvua hadi adhana. Tulipofika kwenye swali lake la mwisho, tulijibu: ndiyo, mama, tumeswali.

Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, Allah ametaja taabu ya mama katika kubeba mimba na kuzaa, kisha akamtaja mja anayefikia miaka 40 akiomba awezeshwe kushukuru neema alizopewa yeye na wazazi wake. Hesabu ya umri wetu, basi, huanzia katika uchungu wa mtu mwingine.

Ndugu msomaji, ikiwa mama yako yu hai, tarehe yako itakapofika usisubiri pongezi. Mwendee, au mpigie simu, umwombe akusimulie usiku ule. Nawe ukihifadhi, uwasimulie wanao. Na ikiwa ametangulia, mtolee sadaka siku hiyo, hata ya kikombe cha maji, na umwombee dua.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea utotoni. Amin.