Gede, Baada ya Alfajiri

Juma lililopita tulilala Gede, karibu na magofu ya mji wa kale na msikiti wake mkuu. Tulipomaliza Swala ya Alfajiri, tetere akaanza kulia mbuyuni. Mara tukamwona marehemu mama yetu akichoma mahamri uani, akituita: "Amkeni wanangu, ndege wamewatangulia kumsabihi Mola." Nasi tukijifunika shuka. Surat An-Nur, aya ya 41, yatufahamisha kuwa ndege nao wana tasbihi yao. Kwetu Mombasa, kunguru na magari vimetuziba masikio. Enyi mama zetu, wafungulieni watoto dirisha asubuhi, kabla ya simu. Huenda kesho tetere akalia, wakawakumbuka, wakawaombea dua. Mama yetu, Allah amrehemu. Amin.