Rushwa ndogo na amani ya nchi



Ndugu zangu, Nabii Ibrahim (AS) alipouombea mji wa Makka aliomba amani kwanza, matunda akayaomba baadaye. Rejeeni Suratul Baqara, aya ya 126. Sisi wakulima wa Dumila tunaielewa sana, maana mahindi bila amani huyavuni.

Desemba 2000, ndani ya Ramadhani, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, humu humu wilayani kwetu Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Wengi husema chanzo ni ardhi na maji. Ni kweli, lakini si yote. Watafiti waliokuja baadaye walikuta pande zote mbili zinalalamikia rushwa. Mkulima anaamini mfugaji amemnunua kiongozi; mfugaji anaona ng'ombe wake wanakamatwa ili atozwe fedha. Asiyemwamini mwamuzi hushika panga au mkuki. Jeshi linaweza kulinda mpaka vizuri kabisa, na nchi ikaungua kwa ndani.

Sasa niseme langu. Msimu mmoja ng'ombe waliingia shambani kwangu. Nikaenda ofisi moja, siitaji, nikaambiwa nitoe elfu ishirini "ya mafuta ya pikipiki" ili mtu akakague. Nikatoa. Mimi, imamu, niliyekwisha kuidarsisha aya ya 188 ya sura hiyo hiyo, inayokataza kuwapelekea mahakimu mali ili kula haki za watu. Wako wanazuoni wanaomruhusu aliyezuiliwa haki yake, najua. Lakini mimi sikuwa nimezuiliwa, nilikuwa na haraka.

Mkaguzi alikuja, akaandika, kisha kimya. Nikasikia mwenye ng'ombe naye ametoa, tena zaidi yangu. Baada ya Isha vijana wawili wa darsa langu wakanifuata: "Ustaadh, tuachie sisi." Wallahi, nilinyamaza kidogo kabla ya kuwakataza. Kimya kile kinanitisha mpaka leo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka baraza la usuluhishi la watu saba, wanawake wasiopungua watatu, na majina yao huidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Siku yalipopitishwa ya kwetu mimi sikwenda, nilikuwa napalilia. Wewe ukisikia mbiu ya mkutano kwenu, nenda, uulize majina hayo yametoka wapi.

Wallahu a'lam.