Amiri wa Chombo

Wako watu wadhanio kwamba dini yetu haina nafasi ya matembezi, na wako wengine ambao wakitoka kwenda kutembea huiacha dini nyumbani. Wote hao hawakupata njia. Salman Al-Farisy (R.A.) alipomwona ndugu yake Abu Dardaa (R.A.) akifunga mchana na kutaka kusimama usiku kucha, alimkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) alipopelekewa habari hiyo alisema kuwa Salman amesema kweli. Kupumzika, basi, ni haki ya nafsi. Lakini ndani ya mapumziko mna haki za wengine pia, na moja katika hizo husahauliwa sana, nayo ni haki ya yule anayetuchukua.

Tulikuwa watu watano tuliotoka Mombasa kwenda Lamu kwa siku tatu. Kabla ya kuondoka tulimchagua mmoja wetu, mwalimu wa madrasa, awe amiri, kwa kufuata mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kwamba wasafiri wakiwa watatu wamweke mmoja wao kuwaongoza. Siku ya pili tukakodi mashua kwenda Takwa, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu.

Takwa ni mji wa Waislamu uliostawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Kuta za msikiti wake zingali zimesimama, na juu ya ukuta wa kibla pana nguzo ya mawe. Njia ya kufikia huko kwa chombo ni mkono wa bahari upitao kati ya mikoko, na mkono huo haupitiki vizuri ila maji yakiwa yamejaa.

Nahodha wetu alikuwa kijana ambaye ndevu zake ndiyo kwanza zinaota. Alituhesabu, akatupanga ili chombo kisilalie upande mmoja, tukasoma dua, akapandisha tanga. Tulipomwuliza tutarudi saa ngapi hakutazama saa. Alisema, "Leo mwezi kumi na moja. Maji yatajaa saa sita unusu. Ikifika saa nane tuwe tumekwisha ng'oka Takwa."

Hesabu hii wazee wetu wa pwani waliijua kama walivyojua majina ya watoto wao. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Ukiwa nusu huwa maji mafu. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Sura ya Al-Baqara kuwa miezi miandamo ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Mwezi ule ule unaotufungisha Ramadhani na kutufungulisha ndio unaomwambia nahodha lini atoke na lini arejee.

Siku ilikuwa njema. Njiani tulitupa mishipi tukapata changu wanne, tukawachoma, tukala kwa mkate na tende chini ya mbuyu. Wengine walivuka kwa miguu hadi ufuo wa bahari kuu kusikiliza mawimbi. Ilipoingia adhuhuri tulisali adhuhuri na alasiri kwa kuzikusanya na kuzipunguza, kwani safari yetu ilikuwa ya halali, imepita marhala mbili, wala hatukunuia kukaa siku nne.

Hata ilipokaribia saa nane nahodha akaja kutuita. Mmoja wetu, mtu mzima mwenye mali na cheo, alikuwa amejinyosha kivulini. Akasema hataondoka mpaka jua lipoe, na kwamba yeye ndiye aliyelipa. Kijana akajibu kwa adabu, "Ami, pesa ni zako. Lakini maji si yangu wala si yako."

Yule bwana alikasirika, kwani hakuzoea kuambiwa neno na mtu wa umri ule. Sote tukamtazama mwalimu. Naye akainuka, akakung'uta mkeka, akasema, "Mimi ni amiri wenu barabarani. Hapa amiri ni huyu." Tukaenda chomboni, na yule bwana akafuata nyuma kimya. Katikati ya mikoko chombo kilikwaruza tope mara moja, mabaharia wakashika pondo wakakisukuma, tukapita. Nyuma yetu mizizi ya mikoko ilikuwa imeanza kuonekana.

Tulipokaribia Shela yule bwana alimgeukia kijana akamwuliza, "Mwanangu, kesho maji yatajaa saa ngapi?" Akajibiwa, "Saa saba na dakika ishirini, Ami." Hakusema zaidi ya hayo, lakini sote tulijua kuwa swali lile lilikuwa ni kutaka radhi.

Wanavyuoni wamesema kuwa safari imeitwa safari kwa kuwa hufichua tabia za watu. Na katika safari zote hakuna ifichuayo kama ya baharini, maana chomboni mwenye mali na maskini hukaa juu ya ubao mmoja. Ndugu msomaji, ukikodi chombo umekodi kazi ya mtu na ujuzi wake, hukuununua utu wake. Mlipe ujira mliopatana bila ya kumzungusha, mlishe katika chakula chako, na akikwambia kuwa watu wametosha au wakati umekwisha, msikilize, hata kama ni mdogo kwa mwanao. Elimu haiulizwi umri. Vyombo vingapi vimezama kwa sababu abiria walimlazimisha nahodha, au nahodha mwenyewe aliingiwa na tamaa akawasikiliza?

Na wazee tuwafundishe vijana wetu hesabu ya mwezi na maji, kwani ni amana tuliyoachiwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie safari zetu ziwe za kheri, na atuvushe salama bahari ya dunia hii. Amin.