Mbuga Isiyo na Ua

Msomaji mpenzi, ikiwa ulizaliwa Kebirigo kama mimi, basi mnyama mkubwa unayemjua vizuri ni ng'ombe wa jirani aliyekata kamba akaingia shambani mwenu. Kwetu Nyamira watu ni wengi na ardhi ni kidogo. Vilima vimejaa majani chai, migomba na mapaa ya mabati, na kila boma lina ua wake. Sisi Abagirango mnyama wa ukoo wetu ni chui, lakini nilitimiza miaka 36 bila kumtia machoni.

Aprili iliyopita, msimu wa mvua ambapo wageni hupungua na bei hushuka, binamu yangu anayepika katika kambi moja ndogo ya watalii alituita. Nilikubali upesi, kwa sababu ambayo sikumweleza. Nyumbani hakukaliki. Baba alikuwa ametangaza kwamba atagawa shamba lake la ekari moja na nusu kwa wanawe watatu wa kiume. Mimi na mdogo wangu hatukuwa tumesemezana tangu Krismasi kwa sababu ya mistari miwili ya majani chai. Naam, mistari miwili!

Basi tulifunga safari, mimi, mama watoto na kijana wetu wa miaka 9. Tulipita Keroka, Sotik, Bomet na Mulot, kisha tukala vumbi na matope hadi Aitong. Jioni tukaingia Naboisho, hifadhi iliyopakana na Maasai Mara. Kambi ilikuwa ya mahema machache tu. Usiku wa kwanza fisi walilia karibu nasi hata mama watoto akauliza kama zipu ya hema ina kufuli.

Asubuhi, tukiwa ndani ya gari kati ya twiga na pundamilia, kijana wangu akauliza, "Baba, ua uko wapi?"

Mwelekezi wetu, kijana wa Kimaasai aliyesomea chuo cha waelekezi cha Koiyaki, alicheka. "Hakuna ua hapa, rafiki yangu. Hapo tunapopita ni mashamba ya watu. La baba yangu limo humu humu."

Hebu sikiliza maelezo yake, kwa maana ndiyo yaliyoninyima usingizi. Zamani nchi ile ilikuwa ranchi ya kikundi iitwayo Koiyaki. Baadaye iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Wengine wangeweka waya, wengine wangeuza, na wanyama wangekosa njia. Lakini mwaka wa 2010 wenye mashamba wapatao 500 waliyaunganisha tena, ekari 50,000 hivi, wakayakodisha kwa kampuni za utalii. Kila mtu amebaki na hati yake, na kodi hulipwa kulingana na ekari zake. Jina Naboisho kwa Kimaasai lina maana ya kuja pamoja.

Usidhani ni asali tupu. Mwenye shamba hawezi kujenga humo, na ng'ombe hulishwa kwa zamu na utaratibu. Simba akila ndama, uchungu ni wa mwenyewe. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulipowazuia watalii, kodi nazo zilipunguzwa. Mama watoto akauliza kama hati zina majina ya wanawake. Mwelekezi alikohoa kidogo, akasema, "Wapo, mama, lakini wachache." Mama watoto alinitazama. Nilijua anamfikiria dada yangu, ambaye hakuna mtu aliyemtaja tangu maneno ya shamba yaanze.

Usiku wa mwisho tulitoka tena kwa gari, jambo ambalo ndani ya Mara yenyewe haliruhusiwi kwa watalii. Mwelekezi alimulika kwa taa nyekundu, akazima injini. Juu ya mti, chui! Alikuwa amelaza mguu mmoja hewani, swala wake akining'inia kando. Mwili ulinisisimka. Kisha aliteremka taratibu, akavuka njia mbele yetu, akapotea nyasini. Mwelekezi akanong'ona, "Huyo ametoka kwa jirani akaingia kwetu." Kijana wangu akauliza, "Hawagombani?" Hakuna mtu mzima aliyemjibu.

Tuliporudi Kebirigo, Jumapili baada ya kanisa, nilimwomba baba atuite sote, na dada yetu pia. Nikapendekeza shamba lisikatwe. Majani yachumwe pamoja na kupelekwa kwa nambari moja ya mkulima, na malipo ya kila mwezi na bonasi yagawanywe kwa wanne. Mdogo wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Hatimaye alisema, kwangu mimi, "Na nani atashika daftari?"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Krismasi. Daftari analo dada yetu. Tumekubaliana kujaribu hadi bonasi ijayo. Huenda tukashindwa, maana sisi si malaika, na ekari moja na nusu si ekari 50,000.

Lakini nakuuliza wewe msomaji, ambaye labda unangojea kipande chako huko nyumbani: ukikatwa mara nyingine, kitamtosha nani? Umoja ni nguvu, tulifundishwa shuleni. Mimi ilibidi nionyeshwe na chui.