Kariakoo ya Usiku: Jiko Lizimwe Saa Ngapi?

Ndugu msomaji, Kariakoo unayoijua yamkini ni ile ya mchana: ya kusukumana katika Mtaa wa Kongo, ya kukumbatia mkoba kifuani, ya kuitwa shemeji na mtu ambaye hujapata kumwona. Lakini iko Kariakoo nyingine, inayoamka pale ile ya mchana inaposhusha milango ya chuma. Leo tunakutembeza huko, kwa sababu limezuka humo swali ambalo wakazi wengi wa mijini watakutana nalo, kama bado hawajakutana nalo: hoteli ya chakula cha kufungiwa, iliyo katikati ya makazi ya watu, iruhusiwe kuuza hadi saa ngapi za usiku?

Mapema mwaka 2025 Mkoa wa Dar es Salaam ulizindua mpango wa biashara saa 24 Kariakoo. Sababu zake zilieleweka. Wanunuzi wa jumla hutoka mikoani, na hutoka Zambia, Malawi, Kongo, Burundi na Komoro. Kila usiku wanaolala bure mjini ni gharama. Mabasi ya mikoani nayo, yaliyokatazwa kwa miaka mingi kusafiri usiku, yaliruhusiwa tena mwaka 2023, na treni ya umeme ikaanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Watu wanaingia na kutoka saa zote. Mtu anayesafiri na anayepakia saa zote hana budi ale saa zote.

Hata hivyo, duka na jiko si mamoja. Duka la vitenge likikesha, anayejua ni mlinzi na mnunuzi. Jiko likikesha, mtaa mzima unajua: harufu hupanda ghorofani, moshi huingia dirishani, pikipiki husimama mlangoni na kuondoka kwa kishindo, na mazungumzo ya wenye njaa aghalabu hayana sauti ya chini.

MTAA WENYE JINA LA WABEBA MIZIGO

Kabla hatujaingia vichochoroni, tukumbushane jambo moja. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kilichopiga kambi hapa baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Malaki ya wanaume wa Afrika Mashariki walibebeshwa risasi, unga na mahema katika vita ile. Wengi hawakurudi makwao, na waliouawa na maradhi na lishe duni walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Miaka zaidi ya mia imepita, na mizigo ingali inabebwa. Tazama saa tatu usiku, maduka ya rejareja yanapofungwa: maguta na mikokoteni hujitokeza kama yaliyokuwa yamejificha, na malori ya Fuso hurudi nyuma taratibu katika mitaa ambayo mchana hata baiskeli haipenyi. Vijana waliovua mashati hupokezana marobota ya nguo, maboksi ya vyombo na magunia. Wanaomba njia kwa sauti, wanataniana Simba na Yanga, na jasho linawatoka kana kwamba jua limesahau kuzama.

Hao ndio wateja wa kwanza wa jiko la usiku. Wa pili ni walinzi, kila mmoja na kiti chake cha plastiki mbele ya duka la mwenzake tajiri. Wa tatu ni madereva wa bajaji na bodaboda. Wa nne ni wauguzi na wahudumu wanaokwenda au kutoka zamu hospitalini Muhimbili, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeamka usiku kwa anasa.

SAA TANO, MLANGONI PA JIKO

Sasa tusimame jirani na Mtaa wa Mchikichi, mbele ya hoteli moja ndogo yenye meza tatu na kabati la kioo. Ndani ya kabati zimo chipsi zilizokaangwa nusu, mapaja ya kuku na mishkaki. Nje, karai la mafuta limekaa juu ya jiko, na pembeni yake mkaa wa mishkaki unapepewa kwa kipande cha boksi. Wanaokaa kula ni wachache. Neno linalosikika kila dakika ni moja: nifungie.

"Dada, nifungie zege, kachumbari weka pembeni."

"Pilipili, kaka?"

"Nyingi. Nakesha leo."

Kwa msomaji asiyekaa Dar es Salaam, zege ni chipsi mayai, yaani viazi vilivyokaangwa vikaunganishwa kwa mayai hadi vikashikamana. Ni chakula cha haraka, kinashiba, na mbeba mizigo anaweza kukila amesimama. Mjini hapa zege limelisha vijana wengi kuliko tunavyopenda kukiri.

Hoteli hii hufunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 5 usiku. Mwenye mali anataka afunge saa 9 usiku. Hesabu yake ni rahisi: kodi ya chumba ni ileile ukilala au ukikesha, na wateja wake wanafika kwa wingi hasa wakati anaposhusha mlango. Anasema waziwazi kwamba asipowauzia yeye, watauziwa na mtu wa ndoo kichochoroni, asiye na maji ya kunawa wala leseni. Hoja hiyo ina uzito, na mbele tutairudia.

WALIO JUU YA JIKO

Inua macho, ndugu msomaji. Zamani Kariakoo ilikuwa mji wa nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uwani nyuma, na jiko huko huko uwani. Moshi wa jirani uliujua, na jirani mwenyewe ulimjua. Leo nyingi ya nyumba hizo zimekwisha, na mahali pake yamesimama maghorofa yenye maduka chini na familia juu. Jiko limehamia barabarani, na chumba cha kulala kimekaa juu yake kama sufuria.

Mzee mmoja anayeishi ghorofa ya pili, juu ya mlango wa hoteli ile, hakuzungumza kwa hasira. "Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu," alisema. "Mimi sikatai watu wale. Nami nilikuwa kijana wa zamu. Lakini mke wangu ana pumu, na wajukuu wanaamka saa 11 kwenda shule. Huyo anayekula saa 8 usiku atakwenda zake. Sisi tutabaki na moshi wake."

Maneno hayo yanaonyesha mahali penyewe penye ugomvi. Faida ya saa za ziada ni ya mwenye hoteli na ya mteja wake. Gharama yake inalipwa na mtu wa tatu, ambaye hakuuza wala hakununua. Kanuni za nchi kuhusu kelele na mitetemo, za mwaka 2015, zinatambua kwamba usiku si sawa na mchana na kwamba eneo la makazi linastahili utulivu zaidi. Lakini kanuni haipandi ngazi kwenda kulala chumbani kwa mzee yule. Anayeweza kumpunguzia adha ni yule aliye chini yake.

Pia liko jambo la moto. Wakazi wa hapa hawahitaji kuhubiriwa juu yake: usiku wa Julai 10, 2021 waliliona soko lao likiteketea, lile lenye mapaa mfano wa faneli, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Karai la mafuta ya moto, mkaa unaowaka na mpishi anayesinzia ni watu watatu wasiofaa kuachwa pamoja chini ya ghorofa iliyojaa watu waliolala.

ANAYEKAANGA NAYE NI MTU

Katika mabishano haya yote, aghalabu anasahaulika yule dada wa kabati la kioo. Kutoka saa 4 asubuhi hadi saa 9 usiku ni saa 17. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki. Hata kwa kazi ya ziada, siku haivuki saa 12. Maana yake ni kwamba hakuna hoteli inayoweza kurefusha usiku kwa watu walewale wa mchana. Lazima iwepo zamu ya pili.

Sheria hiyo hiyo inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inataka kila saa iliyofanyiwa kazi katika muda huo iongezewe asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Inataka pia, kwa kawaida, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kuacha kazi na kuirudia. Kwa hiyo dada anayefunga jiko saa 9 usiku hapaswi kuonekana jikoni kabla ya saa 9 alasiri. Mwajiri ambaye hajaiweka hesabu hiyo katika daftari lake anafikiria faida asiyokuwa nayo.

Tena kuna safari ya nyumbani. Huyu dada anakaa Mbagala. Saa 9 usiku daladala ni za kubahatisha, na bodaboda ya mbali hula ujira wa zamu nzima, mbali na hatari ya njiani. Ama apewe usafiri, ama zamu yake iishie mapema, ama ikeshe hadi kupambazuke. Kumtoa barabarani saa 9 na kumwambia "haya, kesho" si uungwana.

KILICHOMO NDANI YA MFUKO

Wenye umri wanakumbuka muhogo wa kukaanga ukifungwa katika gazeti. Kurasa kama hizi zimewahi kusomwa zikiwa na mafuta. Baadaye ukaja mfuko wa rambo, hadi mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019. Siku hizi ni boksi au karatasi ndani ya mfuko mbadala. Vyote hivyo, mteja akishashiba, huishia mtaroni, na mtaro wa Kariakoo ukiziba, mvua moja tu hutoa hukumu.

Chakula chenyewe nacho kina saa zake. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila ubaridi wala moto, na kinachowekwa tayari kwa kuliwa kitunzwe katika joto la zaidi ya nyuzi 60. Paja la kuku lililoingia kabatini saa 2 usiku na kuuzwa saa 8, likipashwa na taa tu, ni la kuogopwa. Dar es Salaam haijasahau kipindupindu kilichoanzia humu mwezi Agosti 2015. Ndiyo maana hoja ya mwenye hoteli kuhusu mtu wa ndoo ina uzito: mlaji wa usiku hafutwi kwa kufunga mlango; anasogezwa tu penye maji machache na giza zaidi.

Wenzetu wa Uingereza walilitafutia jambo hili kipimo. Kwa sheria yao ya leseni ya mwaka 2003, anayeuza chakula au kinywaji cha moto kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri anahitaji kibali cha pekee, na majirani wanaweza kutoa pingamizi kabla hakijatolewa. Hatuna haja ya kuiga kila kitu cha watu, lakini hilo la kumuuliza jirani kwanza hata wazee wetu walilijua.

TUAFIKIANE HIVI

Maoni yetu ni kwamba jiko lile liongezewe muda. Mtaa uliopewa jina la watu waliobeba mizigo wakiwa na njaa usirudie kuwabebesha wengine mizigo wakiwa na njaa. Lakini muda huo utolewe kama mkopo, kwa majaribio ya miezi mitatu, mbele ya serikali ya mtaa, wakazi wa jengo wakiwapo na kusikilizwa kabla ya wengine.

Masharti yasiwe mengi, ila yatimizwe. Baada ya saa 5 usiku pasiwe na moshi wa mkaa chini ya madirisha: gesi itumike, na mishkaki iishie hapo. Redio izimwe. Meza ziingizwe ndani, mteja achukue chakula chake na kuondoka. Kizimamoto kiwe ukutani, na kila mtu wa zamu ajue kukitumia na ajue namba 114 ya Zimamoto. Pipa liwe mlangoni, na kabla ya kufunga, hatua hamsini kila upande zifagiwe. Kuku apikwe kidogo kidogo kadiri anavyonunuliwa. Zamu iandikwe ukutani, na usafiri wa wafanyakazi uwe sehemu ya gharama ya biashara kama viazi na mafuta. Miezi mitatu ikiisha, mzee wa ghorofa ya pili aulizwe amelalaje. Akijibu kwamba hajalala, jiko lirudi saa 5 bila ubishi.

Nawe, ndugu msomaji, una sehemu yako. Siku utakayotoka zamu saa 8 usiku na kukuta taa ya kabati la kioo ingali inawaka, zima pikipiki kabla hujafika mlangoni. Agiza kwa sauti ya mtu anayejua kwamba juu kuna watoto. Boksi ukimaliza lipeleke pipani. Na dada akikukabidhi mfuko wako, mwambie asante na pole kwa kazi. Nyumbani kwake wamekwisha kulala, na yeye amebaki macho ili wewe ule.